Ikifika Desemba Helsinki, Nenda Kaogelee

Mwongozo huu ni wa mtu wa Korogwe au Handeni aliyetua Helsinki mwezi wa kumi na moja akiwa na begi moja, koti la kuazima, na imani kwamba baridi anaijua kwa sababu aliwahi kulala Lushoto mwezi wa saba. Baridi ya Lushoto dawa yake ni blanketi la pili. Ya huku inakuja na giza. Katika siku fupi za Desemba jua la Helsinki huchomoza karibu saa tatu na nusu asubuhi na kuzama kama saa tisa na robo alasiri. Mchana mzima haufiki saa sita. Utatoka nyumbani gizani na kurudi gizani, na ikifika wiki ya tatu utajikuta umekaa kitandani na koti lako, huumwi na huna nguvu. Wenzako watakushauri vidonge vya vitamini D, taa ya mwanga mkali na kahawa. Sipingi. Mimi nakuongezea bwawa la kuogelea.

Wafini huliita uimahalli: jumba la kuogelea, mara nyingi mali ya manispaa, lenye paa na taa, na maji ya nyuzi 26 hadi 28 hata kama nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Kwetu bwawa ni jambo la hoteli. Unalipa, unaagiza soda, unakaa ukingoni unapigwa picha, unarudi nyumbani nywele kavu. Huku bwawa ni kama soko la Manundu pale Korogwe, kila mtu anapita: mstaafu, mwanafunzi, mama mjamzito, fundi aliyetoka zamu ya usiku. Hakuna atakayekukodolea macho. Hakuna atakayekusalimia pia, usiumie. Ndivyo walivyo, na wakikuzoea watakutikisia kichwa.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Hujui kuogelea. Kama unajua, samahani, ruka aya mbili. Lakini wengi wetu hatujui, na hatupendi kusema, kwa sababu mtu akisikia umetoka mji ulio kando ya Mto Pangani anadhani ulizaliwa na mapezi. Ukweli wa Korogwe ni kwamba mto tuliukuta una wenyewe. Mamba wapo, na kila mtoto alilelewa kwa amri moja: chota ndoo yako, geuka, njoo nyumbani. Waliojua kuogelea walikuwa wavulana wachache watoro wa shule, na walifunzwa na mto wenyewe, kwa ada ambayo wengine hawakurudi kuisimulia. Handeni ndiyo kabisa. Huko maji yenyewe ni ya kutafutwa, lambo la ng'ombe ndilo lilelile la kuchotea, na bomba kubwa la HTM (Handeni Trunk Main) lilibidi liyafuate maji Pangani. Utajifunzia wapi kuogelea?

Kwa hiyo tumefika utu uzima tukiwa watu wa kuoga, si wa kuogelea. Si aibu. Aibu ni kuficha, na kuficha ndiko kulikotaka kunimaliza, nitakueleza huko mbele. Neno lenyewe la Kiswahili limebeba somo lote. Litazame: kuogelea. Mwanzo wake unaisikia kuoga, mwisho wake unaisikia elea. Huko kuoga na huko kuelea ndio mwongozo wote huu, na Mfini atakudai kwa mpangilio huohuo.

Vitu vya kubeba

Taulo mbili, si moja: moja ya kujifutia, nyingine ya kukalia au kujifunga. Sabuni na shampuu. Nguo ya kuogelea ya kitambaa cha kuogelea, ile isiyonywa maji. Miwani ya kuogelea kama macho yako ni mepesi kuwasha. Chupa ya maji ya kunywa. Mafuta ya mwili, ila hayo ni ya baadaye. Kandambili unaweza kubeba, ingawa wenyeji wengi hupita peku.

Kuhusu nguo, hapa ndipo ndugu zetu wanaume hurudishwa mlangoni. Bukta ya mpira haikubaliwi. Fulana ya pamba haikubaliwi. Chupi chini ya bukta ndiyo haikubaliwi kabisa. Usichukulie kuwa ni ubaguzi kabla hujaona kwamba na Mfini mwenzao anaambiwa vilevile. Pamba inafyonza jasho, sabuni ya kufulia na vumbi la siku nzima, na vyote hivyo humwagika majini. Nyuzi zake huenda kuziba vichujio. Nunua nguo ya kuogelea moja nzuri, itakaa miaka.

Dada unayevaa hijabu, usiache kwenda kwa kudhani hutaruhusiwa. Vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima linakubalika katika mabwawa ya Helsinki, sharti liwe la kitambaa cha kuogelea na uliingie nalo baada ya kuoga, si ulilolivaa kutoka nyumbani. Baadhi ya mabwawa pia yana zamu za wanawake peke yao. Uliza mapokezi, hawaoni ajabu.

Tena nikuambie kitu cha kuchekesha. Katikati ya mji kuna bwawa la mtaa wa Yrjönkatu, lililofunguliwa mwaka 1928, kongwe kuliko mabwawa yote ya ndani ya umma nchini Finland. Ni jengo la fahari, nguzo na matao, utadhani umeingia ikulu. Desturi ya pale tangu zamani ni kuogelea uchi. Ruhusa ya kuvaa nguo ya kuogelea ilikuja mwaka 2001. Ukisikia hivyo unakimbia. Lakini ngoja: kwa sababu ya desturi hiyohiyo, wanawake wana zamu zao na wanaume wana zao. Kwa hiyo bwawa lenye sifa ya uchi kuliko yote ndilo ambamo mwanamke wa Kiislamu anaweza kuogelea amevaa apendavyo bila kuonwa na mwanamume muogeleaji hata mmoja. Nilipomsimulia shangazi yangu kwa simu alinyamaza, kisha akauliza kama wana zamu ya Ijumaa. Angalia ratiba yao kabla ya kufunga safari, siku hubadilika.

Kuoga

Unalipa mapokezi, unapewa mkanda wa mkononi ambao ndio ufunguo wa geti na wa kabati. Mabwawa ya zamani yana kabati za sarafu au kufuli, kwa hiyo sarafu ya yuro moja isikosekane mfukoni. Kisha tafuta mlango wako, na hapa jifunze maneno mawili ya Kifini kabla hujajifunza kusema asante: Naiset ni wanawake, Miehet ni wanaume. Mlangoni wakati mwingine kuna N na M tu. Mswahili mwenye haraka anaona M anasema "hapa ni kwa mwanamke". Sivyo.

Viatu unavua kwenye kizingiti cha chumba cha kubadilishia nguo, kama msikitini. Hilo halihitaji kufundishwa mtu wa pwani.

Sasa penye shughuli. Siku yangu ya kwanza nilivaa nguo ya kuogelea chooni, nimejifungia, nikajizungushia na kanga juu yake, nikatoka kuelekea bwawani kichwa juu. Bibi mmoja, umri wa kuamkiwa shikamoo, uchi kama alivyozaliwa, alinigusa bega akaninyooshea kidole ukutani. Palikuwa na picha: mtu anaoga, nguo imepigwa msalaba mwekundu. Hakusema neno. Nikamtazama, akanitazama, akaendelea kujisugua mgongo kwa brashi yenye mpini mrefu. Nikarudi nikavua.

Ndiyo sheria yenyewe: kabla ya kuingia majini unaoga kwa sabuni, mwili mzima, bila nguo ya kuogelea. Makwapa, mapajani, miguu, na nywele unazilowesha au kuzifunga kwa kofia. Bafu ni la pamoja, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume. Mengine yana kijumba au pazia kwa anayeona haya. Ulizia, au nenda kona ya mwisho ukatazame ukuta. Lakini uoge. Kujipitisha chini ya maji sekunde tatu umevaa nguo ya kuogelea si kuoga, hata bibi yako Korogwe angekurudisha bafuni.

Sababu si ukali wa Wafini. Maji ya bwawa yanatibiwa kwa klorini, na watu wengi hudhani ile harufu inayowasha macho na kukereketa koo ni dalili kwamba dawa ni nyingi. Harufu hiyo hasa ni ya klorini iliyokwisha kukutana na jasho, mkojo, mafuta na losheni zetu. Kinachozaliwa hapo huitwa kloramini, nacho ndicho kinachowasha. Bwawa linalonuka dawa sana ni bwawa ambalo watu hawakuoga. Kwa hiyo mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, marashi, vyote usivipake asubuhi hiyo. Najua kwetu mtu akitoka bila mafuta anaonekana hana kwao. Vumilia saa mbili.

Wenye misuko: rasta na twende-kilioni haziharibiki kwa kuogelea mara moja kwa wiki, ila lowesha nywele kwa maji safi ya bomba kabla ya kuingia. Nywele iliyokwisha kunywa maji safi haina nafasi kubwa ya kunywa ya klorini. Kisha kofia ya kuogelea. Zipo pana za kutosha kichwa chenye msuko mnene, siku hizi zinauzwa mtandaoni. Ukitoka, osha mara moja kwa shampuu, ndipo mafuta yako yapate kazi.

Kuelea

Nilikuahidi habari ya kutaka kumalizika. Bwawa sitalitaja, halikuwa na kosa. Niliingia kwa ngazi nikasimama, maji yakaniishia kifuani, nikajiona nimefika. Pembeni yangu msichana wa kama miaka saba alikuwa akienda na kurudi kama samaki. Nikaona haya kusimama tu. Nikaanza kutembea kuelekea upande wa pili kwa kuhesabu hatua, kama mtu anavyovuka mto kwa kupapasa na mguu. Mto hukuonya: mchanga, jiwe, matope. Sakafu ya vigae haikuonyi. Iliteremka, mguu ukakosa, nikafungua mdomo kumwita mtu na badala ya sauti yakaingia maji. Sikupiga kelele. Ndivyo kuzama kulivyo, hakuna mikono ya kupunga wala "nisaidieni" kama kwenye filamu. Mtu hushuka kimya karibu na watu wanaocheka. Mwokoaji alikuwa ameniona tangu nilipoanza kutembea. Alininyooshea ufito mrefu, nikaushika, akanivuta kama ndoo ya kisimani. Aliponiuliza kama najua kuogelea nilisema "kidogo". Hata wakati ule!

Basi wewe mwambie mapema. Ukifika ukingoni, mfuate mwokoaji, sema "mimi sijui kuogelea". Kiingereza chochote kitatosha, hata ishara. Atakuonyesha bwawa dogo la mafunzo, lenye joto zaidi na kina cha kusimama kila mahali. Soma namba zilizoandikwa ukingoni: 0,9 ni mita pungufu ya moja, 1,2 inakufika kifuani, 1,8 inakupita, na kwenye majukwaa ya kurukia inaweza kuwa zaidi ya 3. Mkato wao ndio nukta yetu. Kama hujui kuelea, kaa palipo na namba isiyokuzidi kimo, na usijaribu kamwe ule mkanda wa sponji unaouona viunoni mwa wazee wanaokimbia wima ndani ya maji. Wanafanya hivyo penye kina, na wao wanajua kuogelea tangu utoto.

Kujifunza kuna hatua, nazo hazianzi na mikono. Zinaanza na pumzi. Shika ukingo, vuta hewa kwa mdomo, zamisha uso, pulizia majini polepole kama unapuliza moto wa kuni, inua kichwa, vuta tena. Fanya hivyo siku nzima ya kwanza. Utaona upuuzi, lakini mtu anayezuia pumzi majini anakakamaa, na mwili uliokakamaa unazama. Siku ya pili lala chali: masikio ndani ya maji, macho darini, tumbo juu, mikono imepanuka, mtu unayemwamini ameweka kiganja chini ya mgongo wako. Usitazame miguu. Ukiitazama kiuno kinakunjika na unakwenda chini kama kiti. Vuta hewa nyingi kifuani, utaona mwili unapanda wenyewe; toa, unashuka kidogo. Siku mwenzako atakapoondoa mkono bila kukuambia nawe ukabaki juu, utacheka peke yako. Baada ya hapo ndipo kusukuma ukuta na kuteleza, ndipo kibao cha kuelea na kupiga miguu, ndipo mikono.

Kuna kipimo ambacho nchi za Nordic hutumia kusema kwamba mtu anajua kuogelea: aanguke penye kina kirefu mpaka kichwa kizame, aibuke, aogelee mita 200, na katika hizo mita 50 awe amelala chali. Nakipenda kipimo hicho. Hakiulizi mtindo wala mwendo, kinauliza kama unaweza kuanguka kutoka kwenye mashua ukafika mahali. Na hizo mita 50 za chali zimewekwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo mtu anapopumzika na kupata pumzi. Ukikumbuka ajali za MV Bukoba, Mei 1996, na MV Nyerere, Septemba 2018, na Spice Islander katikati ya hizo mbili, utaona kwa nini nasisitiza. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote; meli ikipinduka na watu wamefungiwa ndani, mtindo wa kuogelea hausaidii. Nasema sisi ni nchi ya maziwa, mito na bahari, na kuelea tunafundishwa na wageni ughaibuni tukiwa na miaka 30.

Manispaa na vyama vya kuogelea huandaa kozi za watu wazima wanaoanza kabisa. Usiogope kwamba utakuwa peke yako. Kwenye kundi langu tulikuwa Msomali, Mkurdi, mama wa Kivietnam, Mfini mmoja aliyeogopa maji tangu utoto, na mimi. Mwalimu alisema maneno kumi kwa saa, yote ya lazima.

Ukishaweza kwenda mwenyewe, utahamia kwenye bwawa kubwa lililogawanywa kwa kamba zinazoelea. Kila njia ina mwendo wake, wa taratibu na wa haraka, soma kibao. Watu huogelea kwa mzunguko, na wanakaa kulia. Sisi tuliozoea kushika kushoto barabarani ndio tunaogongana nao uso kwa uso. Ukichoka, usisimame katikati. Jibanze kona ya njia, wapishe.

Kama una watoto, mtoto asiyejua kuogelea awe daima mahali unapoweza kumshika kwa kunyoosha mkono. Si kumwona, kumshika. Yale maputo ya mkononi ni ya kuchezea. Na simu iache kabatini: kupiga picha ni marufuku, tena ukiwa umeshika simu humwangalii mtoto.

Nyungu ya Wafini

Kati ya bafu na bwawa kuna mlango wa mbao. Humo ndimo sauna, na tiketi yako imeilipia. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wa sauna wa Finland katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Mwaka huohuo, wa korona, nyumbani tulikuwa tumejifunika mablanketi tukipiga nyungu kwa majani ya mwarobaini na mchaichai. Kwa hiyo mtu asikuambie jambo hili ni geni kwako. Tofauti ni kwamba nyungu unajifunika peke yako, na humu mnakaa watu kumi kwenye ngazi za mbao, joto nyuzi 80, kimya.

Taratibu zake ni chache. Unaoga kwanza. Nguo ya kuogelea unavua, kwa sababu klorini iliyomo hupanda na joto na kuwaingia wenzako puani. Anayeona haya anajifunga taulo. Unakalia taulo au kile kikaratasi cha kukalia kinachopatikana mlangoni. Anza ngazi ya chini, joto la juu ni la waliozaliwa nalo. Kabla ya kumwaga maji kwenye mawe, waulize waliomo. Dakika tano hadi kumi zinakutosha, kisha toka, jimwagie maji ya baridi, kunywa maji. Mjamzito, mwenye shinikizo la damu au anayetumia dawa za moyo amuulize daktari kwanza. Aliyekunywa pombe asiingie, wala sauna wala bwawani.

Watakualika pia kwenye avanto, yaani tundu lililokatwa kwenye barafu ya ziwa au bahari, mtu anachovya mwili na kutoka akisema amezaliwa upya. Mimi sikwenda na siendi.

Kutoka nje

Sehemu hii ndiyo iliyonipa mafua ya wiki mbili. Nilitoka nywele mbichi nikasubiri basi. Dakika chache tu, misuko ikawa migumu kama mkonge uliokaushwa Magoma, nilipoigusa ililia. Kausha kichwa mpaka kwenye ngozi. Vikausha nywele vimefungwa ukutani, vingine ni vya sarafu. Baada ya kuvaa, kaa ndani robo saa, kunywa chai kwenye kantini, mwili upoe kutoka ndani. Kofia ya sufu juu ya kilemba, soksi kavu, ndipo mlango.

Na sasa mafuta. Hewa ya majira ya baridi ni kavu kuliko kiangazi cha Handeni, klorini nayo inaondoa mafuta ya asili, na ngozi nyeusi huonyesha haraka kwa kuwa nyeupe kama iliyopakwa majivu. Suuza kwa maji safi, jifute bila kusugua, na paka mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu.

Chagua saa. Asubuhi za siku za kazi ni za wastaafu, nafasi tele. Kuanzia saa kumi jioni wanaingia watoto wa vilabu na njia nyingi huchukuliwa. Jumamosi ni kelele tupu. Katikati ya Februari shule za Helsinki zina likizo ya wiki moja, jiandae kwa foleni. Kuuza tiketi kwa kawaida husimama saa moja kabla ya kufunga. Na mabwawa mengi hufungwa au hupunguza saa siku za Krismasi na tarehe 6 Desemba, sikukuu yao ya uhuru, siku tatu kabla ya ile tuliyokuwa tukipeperushia bendera shuleni.

Kama unataka pa kuanzia, anza na Itäkeskus, mashariki mwa mji, treni ya chini ya ardhi inakufikisha karibu. Bwawa hilo lilifunguliwa mwaka 1993 na limechimbwa ndani ya mwamba. Kwa kweli ni handaki la kujikinga na vita ambalo wakati wa amani watu huogelea humo: hatari ikitokea maji yanatolewa na ndani ya saa 72 panakuwa kimbilio la watu 3,800. Milango yake ni minene kama ya benki. Nikiwa chali mle, masikio majini, nikitazama dari la mwamba, huwa nawaza kwamba taifa la watu milioni tano na ushee limechimba mwamba kwa hofu ya vita, na bado likaona si vizuri shimo likae bure. Ukienda utakuta watu wa kila rangi, Kisomali kinasikika kuliko Kifini, na mara mojamoja utasikia nyuma yako "we dada, sogea basi". Hapo salimia.

Kozi za watu wazima za Januari hujaa mapema, kwa hiyo andikisha jina kabla ya Krismasi. Na ukirudi Korogwe likizo mwezi wa saba, umeshaziweza mita zako 200, wapwa zako wakakuvuta mkono twende mtoni ukatuonyeshe, usiende. Wapakie basi la Tanga, wapeleke ufukwe wa Raskazone penye watu, uwafundishe kupuliza pumzi majini kama ulivyofundishwa wewe. Mamba wa Pangani hana habari na mita zako za Helsinki.